Ukuta Mnene wa Stoo

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama kwenye simu. Nilikuwa nampigia Bibi kwa mara ya tatu, na yule dada wa mtandao akanijibu tena kwamba namba ninayopiga haipatikani. Niliposhusha simu nikasikia mtu anagonga. Hakuwa anagonga mlango. Alikuwa anagonga ukuta.

Ko, ko, ko. Kimya. Hatua moja, halafu ko, ko tena, taratibu, jinsi daktari anavyogonga mgongo wa mtu mwenye kifua.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasema sijui, ili nikae chini upesi. Lakini watu hukosea wanapodhani mwenye haya ni mtu anayeamini kila anachoambiwa. Kwangu ni kinyume. Kwa kuwa sisemi, nabaki natazama, na kila ninayemtazama sana naanza kumshuku. Nilikuwa na daftari la kaunta nililolifunika gazeti, na ndani yake niliandika mambo yote yasiyonikaa sawa: nani alimwambia Bibi nini, nani alipita mbele ya nyumba yetu mara mbili bila shughuli. Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, naishi na Bibi mzaa mama, na mama yangu yuko Urambo kwenye tumbaku.

Kupita mbele ya nyumba yetu bila shughuli lilikuwa jambo la kuandikwa, kwa sababu ya nyumba yenyewe. Iko mwisho wa Gongoni, kwenye kipande cha ile njia ambayo misafara ya zamani ilifuata kutoka pwani kwenda Ujiji. Waliijenga wafanyabiashara wa wakati huo, na babu wa mama yangu akaja kuinunua ikiwa tayari imezeeka. Kuta zake ni za matofali mabichi, pana kiasi kwamba naweza kukaa dirishani na miguu nimeikunja. Paa la udongo lilishatolewa, sasa ni bati, ila boriti za mninga ni zilezile, nyeusi kwa moshi. Mlango wa mbele una mbao mbili zilizochongwa mnyororo pembeni na maua katikati. Misumari yake ya shaba imebaki kama meno ya mzee, mmoja huku, mmoja kule.

Wageni wakija Tabora huonyeshwa stesheni ya reli, na boma la Mjerumani kwa mbali, maana kupiga picha boma ni kujitafutia maneno na askari wanaokaa humo. Wakiwa na nafasi hupelekwa Kwihara, kwenye nyumba ya makumbusho. Nyumba yetu haimo kwenye orodha hiyo. Anayeijua ni anayeitaka.

Mama alipokuwa mtoto, nyumba za namna hii zilikuwa tatu mtaani kwetu. Moja iliangushwa na mvua. Ya pili walikuja watu wenye makaratasi, wakasema wanauchukua mlango kwenda kuutengeneza, wakauzungushia magodoro kwenye gari wakaondoka nao. Haujarudi. Bibi anasema uko kwenye hoteli moja huko pwani, wazungu wanatundikia kofia. Mwenye nyumba akaziba pale mlangoni kwa mabati, na baada ya hapo akachoka, akabomoa. Tukabaki sisi.

Kwa hiyo niliposikia ukuta unagongwa nilijificha nyuma ya mtungi wa maji uani, nikachungulia.

"Hodi hapa," akasema mwanaume. Alikuwa ameshazunguka hadi kwenye uzio wa nyuma. "Mdogo wangu, nakuona. Habari za asubuhi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Bibi yupo?"

"Hayupo." Papo hapo nikajua nimekosea, nikaongeza, "Anarudi sasa hivi."

"Aliniambia anarudi jioni. Amekwenda Ulyankulu, kwenye arobaini."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ni kweli Bibi alikuwa Ulyankulu tangu jana yake, kwenye arobaini ya dada yake, na huwa anazima simu ili chaji isiishe. Lakini hilo tulilijua sisi tu.

Alikuwa na umri kama wa miaka thelathini na tano, viatu vyenye vumbi, kalamu tatu mfukoni, na futi ndefu ya kuzungusha kwa mkono ambayo sijawahi kuiona hata kwa mafundi. Akasema anaandika habari za nyumba zote za zamani zilizobaki kwenye njia ya misafara, kuanzia hapa hadi Ujiji, kabla hazijaisha. Akasema alizungumza na Bibi siku ya Alhamisi pale sokoni anapouza karanga, na Bibi akamkubalia. Bibi hakuniambia neno. Ni kweli Bibi hana kawaida ya kuniambia mambo, lakini na mwongo naye angesema hivyohivyo.

Nilitaka kumwambia alete barua ya utambulisho. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Badala yake akaninyooshea ncha ya futi, "Nishikie hapa, mdogo wangu," nami nikaishika. Sijui kwa nini mikono yangu huwatii watu ambao moyo wangu umeshawakatalia.

Tulipima nyumba yote. Mimi nasimama kwenye pembe na ncha yangu, yeye anatembea, anasoma, anaandika. Alichora kila chumba. Nilimtazama bila kupepesa. Kwenye mlango wa mbele alikaa muda mrefu mno. Alipitisha vidole kwenye ile minyororo, akainama kuangalia mahali ambapo mbao zinazunguka, na kisha akauliza bila kunitazama, "Huu mlango umewahi kutolewa hapa?"

Moyoni nikasema, haya, tumeanza.

Halafu tukaenda stoo. Ni chumba cha nyuma kabisa, hakina dirisha. Watu husema zamani kilihifadhi mali za msafara. Sasa kinahifadhi magunia ya karanga, majembe na mizinga miwili ya nyuki aliyoacha Babu. Yule mgeni akapima kwa ndani, akatoka akapima kwa nje, akarudi, akapiga hesabu kwenye simu yake.

"Haiwezekani," akasema. Akapima tena. "Huu ukuta wa mwisho una zaidi ya mita moja. Zingine zote hazifiki nusu yake."

Akaugonga. Mlio wake kweli ulikuwa mwingine, mzito mahali pamoja, na mahali pengine mwepesi kama mtungi usio na maji. Akanigeukia akicheka.

"Hapa pamefichwa kitu! Bibi hajawahi kukuambia?"

Nikatikisa kichwa. Akaandika, akaandika sana. Alipokuwa anakunja futi yake akasema atarudi kesho na ngazi, baada ya misa, aone boriti. Kisha akapunguza sauti.

"Mdogo wangu, habari ya ukuta huu usimwambie mtu. Watu wa hapa nawajua."

Nikaingia ndani, nikaandika kwenye daftari: *Kwa nini nisimwambie mtu?* Nikapiga mstari chini mara mbili.

Sikukaa na siri hiyo hata robo saa. Mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, kuna mama anayekaanga mihogo. Alihamia mtaani miaka michache tu iliyopita lakini hakuna kitu asichokijua. Nilipofungua mlango kumwaga maji akaniita.

"Binti! Njoo. Yule mwanaume wa futi ni nani?"

"Shikamoo mama. Sijui."

"Marahaba. Humjui, na umemshikia futi saa nzima?"

"Anasema anaandika nyumba za zamani."

"Anaandika! Nyumba inaandikwa? Mimi nimejenga nyumba mbili, sijaona mtu akaja kuniandikia. Anatafuta nini?"

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri mihogo wakanigeukia. Nikikodolewa macho na watu watatu naweza kusema chochote ilimradi niachiwe. Ndivyo nilivyofanya.

"Amesema ukuta wa stoo ni mnene sana. Amesema pamefichwa kitu."

Yule mama akaweka kijiko chini. "Yesu wangu," akasema. "Mali ya Mjerumani."

Kwa mtu wa Tabora sina haja ya kueleza, ila nitaeleza. Hapa kwetu inaaminika kwamba Mjerumani alipoona vita vinamshinda alificha rupia na dhahabu kila mahali, akaweka alama ili warudi wajukuu zake kuchukua. Mshale kwenye jiwe ni alama. Msumari kwenye mti ni alama. Mzungu akisimama mahali pamoja zaidi ya dakika tano, huyo ni mjukuu. Na mtu mweusi mwenye futi ametumwa na mjukuu. Nimewahi kuona watu wazima, wenye familia, wanachimba chini ya mti kwa wiki mbili mpaka mti ukawaangukia choo. Walipata chupa. Na ile chupa nayo ikaonekana ni dalili kwamba mali iko karibu.

Haikupita nusu saa pikipiki ya Mjomba ikaingia uani. Mjomba wangu ni mdogo wake mama, anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko Kanyenye. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sururu.

"Mpwa," akasema hata kabla hajashuka, "amekuonyesha wapi?"

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, marahaba, hayo baadaye. Wapi?"

"Hajanionyesha kitu. Amepima tu."

Akanitazama kwa jicho ambalo sikulizoea. "Usinifiche. Mmekubaliana nini na yule jamaa? Anakupa ngapi?"

"Mjomba!"

"Nauliza tu. Watoto wa siku hizi nyie kimya kimya."

Nilikuwa namshuku mgeni, na kumbe mimi nami nashukiwa. Tena mimi nilikuwa namshuku Mjomba pia. Mwezi mmoja kabla alimuuliza Bibi, kwa utani, ule mlango ukipelekwa mjini ungefika bei gani. Utani ule nimeuandika kwenye daftari na tarehe yake.

Yule mama wa mihogo akaja nyuma yake amebeba chumvi kwenye mfuko. Eti mali hiyo ina mlinzi, na mlinzi anaogopa chumvi. Akainyunyiza mlangoni mwa stoo, halafu akavuta kigoda akaketi hapohapo kwenye chumvi.

"Mama, asante, unaweza kwenda," Mjomba akamwambia.

"Niende wapi? Nani aliyekuita? Mimi nitakaa hapa hapa, nikuone mikono."

"Mihogo yako inaungua."

"Ngoja iungue."

Nikasema, "Mjomba, tumsubiri Bibi." Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani.

"Jamaa anarudi lini?"

"Kesho. Na ngazi."

"Umeona? Na ngazi! Ya kubebea nini? Tukimsubiri Mama, atasema tusali kwanza, tuite mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti ataita wenzake. Asubuhi tutakuta shimo. Huu ni mchongo wa familia, mpwa, tunaumaliza sisi." Akamtazama yule mama. "Sisi na jirani."

"Ahsante kwa kunikumbuka," akasema mama wa mihogo.

Nikaenda kumpigia Bibi. Haipatikani.

Mjomba alianza saa saba mchana. Kwanza ilidondoka lipu, vipande vikubwa vyenye chokaa. Halafu matofali. Mimi nilisimama pembeni nikishika taa ya simu, maana stoo ni giza hata mchana, na ndipo nilipoona kitu ambacho wao hawakukiona. Nyumba yetu yote imejengwa kwa udongo wa kichuguu, mwekundu, mgumu kama jiwe, hauna hata unyasi mmoja. Udongo uliokuwa unatoka kwenye shimo ulikuwa wa kijivu, wenye pumba za mpunga, na pumba zenyewe bado zina rangi. Ukuta huu haukuwa wa zamani. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilijiuliza, nani aliujenga, na kwa nini? Kwa dakika chache, lazima nikiri, hata Bibi nilimshuku.

"Chombo!" Mjomba akapiga kelele.

Mama wa mihogo akaruka kutoka kwenye kigoda. Mjomba akaingiza mkono hadi begani, akatoa bakuli la bati lenye maua, limetoboka chini.

"La Kijerumani," akanong'ona mama wa mihogo.

"Kabisa. Angalia uzito."

Halikuwa na uzito wowote. Nyumbani tunayo mawili kama hilo, tunalishia kuku. Mjomba akapata nguvu mpya. Akachimba kwenda juu na pembeni, mawe yakatoka, kinu kilichopasuka kikatoka, na baadaye kidogo sururu ikagonga chuma. Akatupa sururu, akavuta kwa mikono miwili huku ameweka mguu ukutani. Kikaja chuma kirefu kilichopinda huku na huku.

"Hii ni silaha," akasema.

"Au msalaba," akasema mama wa mihogo.

Mimi niliona usukani wa baiskeli, ila wakati huohuo nilisikia mlio juu ya vichwa vyetu. Si mkubwa. Kama mtu mzito anapojigeuza kitandani. Vumbi likaanza kushuka kutoka kwenye boriti, jembamba, mfululizo, mbele ya mwanga wa simu. Nikaangaza juu. Kutoka pembe ya shimo ulikuwa umepanda ufa, umefika mpaka chini ya boriti kubwa, ile inayobeba nusu ya paa la nyuma. Na boriti yenyewe haikuwa imekaa tena juu ya ukuta. Ilikuwa imeshuka upana wa kiganja.

"Mjomba, acha."

"Kidogo tu. Nimefika."

"Mjomba, ukuta unashuka."

"Ni udongo unajipanga."

Akainua tena sururu. Mimi kubishana siwezi. Sijawahi kumshinda mtu kwa maneno maishani mwangu. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho leo nikikumbuka naona ni ujinga mtupu: nilipita chini ya mkono wake, nikaingia ndani ya lile shimo, nikakaa. Magoti kifuani, mgongo kwenye ukuta wa zamani, boriti juu yangu.

"Toka."

Nikakaa.

"Nakwambia toka, wewe mtoto! Unataka nikupige sururu?"

Nikatikisa kichwa, na nikakaa.

"Mwache," akasema mama wa mihogo. "Huenda ameshikwa na yule mlinzi. Mwagie chumvi."

Wakanimwagia chumvi. Ilinipata machoni. Mjomba alibembeleza, akatukana, akaniahidi simu mpya, akaketi kwenye gunia la karanga akawa anakula karanga za Bibi kwa hasira. Hivyo ndivyo alivyotukuta Bibi saa kumi na moja jioni, na kitenge chake cha safari na kuku aliyemfunga miguu.

Aliangalia chumvi, akaangalia kigoda, sururu, boriti. Mwisho akaniangalia mimi.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Toka humo polepole. Usiguse kitu."

Nikatoka. Bibi akamkabidhi mama wa mihogo yule kuku, akasimama mbele ya shimo, akaweka mkono kwenye ufa.

"Nani kabomoa ukuta wangu?"

"Mama, ni mali ya Mjerumani," akasema Mjomba. Tayari alikuwa anaongea kama mtoto. "Yule jamaa wa futi amepima, ukuta ni mnene kuliko..."

"Ni mnene kwa sababu niliunenepesha mimi."

Kuku akalia.

Bibi akaeleza akiwa ameupa mgongo umati wake wa watu watatu. Mwaka ambao mama yangu alikuwa na mimba yangu, mvua zilikuwa nyingi, na ukuta wa zamani wa stoo ukaota tumbo. Mafundi wawili walikuja wakasema bomoa. Bibi akakataa. Akaita akina mama wa jumuiya yake, wakakanyaga udongo siku nne, wakajenga ukuta wa pili mbele ya ule wa kwanza, uuegemee, na boriti wakaihamishia mzigo wake hapo. Katikati wakajaza chochote kilichopatikana.

"Sasa wewe umetoa kinachobeba, umebakiza kinachobebwa."

"Mimi sikujua, Mama. Sikuuona ukijengwa."

"Ungeuonaje? Ulikuwa Ulyankulu kwa shangazi yako unachunga ng'ombe. Na hili bakuli ni la harusi yangu. Na huo..." Akaona usukani wa baiskeli. "Huo urudishe."

"Mama, huu si usukani wa baiskeli ya Baba? Si aliutafuta mpaka anakufa!"

"Baiskeli haina magurudumu, haina tandiko, kila siku ananiambia kesho ataitengeneza. Ningefanyaje? Nilihitaji kitu kirefu."

Mama wa mihogo akaanza kucheka, akaona uso wa Bibi, akaacha. Maana Bibi alikuwa anatazama nje mlangoni. Upande wa Ulyankulu, alikotoka, mawingu ya kwanza ya mwaka yalikuwa yameshaanza kupanda. Akasema huko mvua imewanyeshea njiani. Ikifika hapa shimo likiwa wazi, udongo wa katikati utalowa, ukuta utakaa chini, paa la nyuma litafuata, na nyumba ya namna hii ikishafunguka upande mmoja haifungiki tena. Alisema kwa sauti ya kawaida. Mikono yake ndiyo haikuwa ya kawaida, ilikuwa inapangusa kitenge mahali pasipo na uchafu.

"Wewe," akamwambia Mjomba, "nataka nguzo mbili hapa kabla jua halijazama. Na udongo wa kichuguu, magunia manne, kesho asubuhi mapema. Usiniambie petroli."

Mjomba akaondoka mbio. Nguzo zikaja, tukazisimamisha chini ya boriti, Bibi akizigongea kabari mwenyewe kwa nyundo. Boriti haikupanda, ila haikushuka tena. Tulipomaliza ndipo akauliza lile swali nililokuwa nalisubiri.

"Habari ya ukuta mmeipata kwa nani?"

Mama wa mihogo hakunitazama hata kidogo. "Kwa yule yule mgeni, mama. Alikuwa anatangaza barabarani, kila mtu amesikia."

"Huyo ambaye nilimkubalia kwa wema wangu pale sokoni?"

"Huyo huyo."

Kumbe ni kweli walizungumza. Kumbe hilo moja hakudanganya.

"Basi kesho akija asikanyage kwangu," akasema Bibi.

Nilikuwa nimekaa kwenye gunia, chumvi bado inaniwasha machoni. Ningeweza kusema palepale. Nilijiambia kwamba mgeni yule bado hajulikani, kwamba aliuliza kuhusu mlango, kwamba akifukuzwa mlango uko salama. Niliandika sababu hizo zote kwenye daftari, nne, na nilipozisoma zote zilikuwa nzuri, na zote nilizitafuta baada ya kunyamaza.

Asubuhi ya Jumapili niliamka saa kumi na mbili. Mvua haikuwa imefika, ila hewa ilikuwa nzito na inzi wameingia ndani. Mjomba alishaleta magunia ya udongo, akayamwaga uani bila kusema na mtu, akaenda kuleta maji. Bibi akachimba kisima kidogo katikati ya lundo, tukamwaga maji, tukatupia nyasi zilizokatwakatwa, tukavua viatu, tukaingia. Udongo wa kichuguu asubuhi ni baridi. Tulikanyaga tukiwa tumeshikana mabega ili tusianguke, na kwa namna ile tulikuwa hatutazamani usoni. Nadhani hilo lilinisaidia.

"Bibi, si yule mgeni aliyesema. Ni mimi nilimwambia mama wa mihogo."

Miguu yake ikasimama. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye hata hodi huwezi kuipiga ikasikika, ndiye uliyeutangaza ukuta wangu?"

"Aliniuliza mbele ya watu."

Alikuwa bado ameshika bega langu. Vidole vilikaza. Nilidhani atanisukuma kwenye tope.

"Misa leo huendi," akasema. "Utakanyaga mpaka huu udongo uwe laini kama ugali wa mgonjwa. Na mgeni akija utaongea naye wewe, si mimi. Nione hicho kinywa."

Alikuja saa nne na nusu, ngazi begani. Nikatoka kumpokea kwenye uzio, tope hadi magotini.

"Shikamoo. Barua yako iko wapi?"

Akashangaa, akashusha ngazi, akatoa bahasha. Nikaisoma yote, hadi tarehe, na nikaichunguza mihuri. Ilikuwa na mihuri miwili. Pale sokoni mihuri inachongwa ukisubiri, kwa hiyo bado sikujua kama ni ya kweli. Nikamrudishia, nikamweleza kilichotokea. Alishika kichwa.

"Si nilikuambia usimwambie mtu?"

"Na wewe ulisema pamefichwa kitu."

"Nilikuwa natania!"

"Hapa hilo halitaniwi."

Macho yake yakapita begani kwangu hadi kwenye mlango wa stoo, na nikaona kitu kinawaka ndani yake, kitu ambacho hadi leo sijui niite shauku ya kazi au nini. Akaomba tumwache aingie apime kabla hatujaziba. Ukuta wa zamani unaonekana nyuma ya mpya, akasema, nafasi hii haiji tena, dakika kumi tu. Ndani Bibi alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alitusikia, na hakunisaidia.

"Nje pima utakavyo," nikasema. "Ndani huingii. Na mlango usiuguse."

Nikamwacha pale na ngazi yake. Nilirudi stoo, nikachukua donge la kwanza kwa mikono miwili, nikalisukuma mwisho kabisa wa shimo, nikalipiga ngumi mpaka likakaa. Nikachukua la pili. Mjomba alikuwa ananipasia, Bibi anaweka mawe, na usukani wa baiskeli tukaulaza katikati kama alivyotaka. Kila nilipogeuka kuchukua donge jingine nilimwona yule mgeni kupitia uwazi wa mlango, amesimama jua kali, kalamu mkononi, anachora kinachoonekana. Nililijaza shimo mpaka kisionekane kitu.